Saa Sita ya Babu Yenu

Mbinya, Kisilu, wacheni hiyo ndoo mje hapa karibu na kitanda, nataka kusema kabla pikapu ya Mutie haijafika, kwa sababu ikifika watanibeba tu kama gunia na hakuna mtu atanipa nafasi. Susu, mama mkwe wangu, nawe usirudi jikoni, kaa hapo uyasikie, na nikidanganya unikatize mbele yao. Nesi amesema mtoto huyu wa tumboni amelala vibaya, damu haitakoma mpaka nipasuliwe, na hospitali ya Machakos ni mbali, na mimi naogopa, wanangu, sitawaficha, naogopa mpaka meno yanagongana, lakini nikinyamaza naogopa zaidi. Baba yenu amepelekewa simu Mombasa, atakuja. Basi kama sitarudi, haya ndiyo yangu.

Ile fimbo ya kuvulia iliyo juu ya mlango ni yako, Mbinya, pamoja na mshipi na kopo la ndoano. Kikaango cheusi ni cha Kisilu, na asikatazwe kupika ati kwa sababu ni mvulana, babu yake Nzomo alikuwa mpishi na alikuwa mwanaume kamili. Cheti changu cha fomu foo mkitunze pale kwenye Biblia. Mbuzi ni wa Susu. Vitu vimeisha, sioni aibu, nilipewa kingine kikubwa zaidi nacho nataka kuwaachia sasa.

Babu yenu, baba yangu mimi, alifanya kazi kule mlima Kenya, kambi ya wazungu waliokuwa wakivua trauti, samaki wa kahawia mwenye madoa, anayeishi kwenye maji baridi kama barafu. Mtoni hakuwahi kwenda hata siku moja. Trauti alimjua akiwa kwenye mafuta tu. Mwaka wa sitini na tatu bwana wake akarudi kwao, akamwachia fimbo, kikaango na karatasi ya saa ambazo trauti anakula. Baba akashuka Emali na fimbo begani, watu wa stesheni wakamuuliza kama ameenda kufukuza ndege. Kizungu hakukijua kusoma, tarakimu alizijua, na kwenye karatasi aliona sita, akaona nane. Basi kila Jumamosi, saa sita mpaka saa nane, huyo yuko Mto Athi, jua linamchoma upara, na anarudi na kambare mmoja mwembamba au mikono mitupu, na ng'ambo ile ya Kitui wanamcheka mpaka wanalala chini.

Mimi nilipofika fomu ya pili nikaomba niione karatasi ile. Nikasoma, kumbe iliandikwa asubuhi na jioni, sita mpaka nane ya kizungu, yaani saa kumi na mbili mpaka saa mbili, wakati mwanga ni mdogo na wadudu wanaangukia maji. Na chini yake: mchana wa jua kali samaki anajificha chini ya mawe, usijisumbue, siku ya mawingu au manyunyu anakula mchana kutwa. Nilimwambia nikidhani atanichapa. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Muthoki," akasema, "miaka kumi na mitatu nimekuwa nikiwaamsha samaki usingizini!"

Mto wetu hauna trauti, maji yetu ni ya uvuguvugu, lakini kambare naye hapendi jua kali, na tulipobadilisha saa tukaanza kurudi na ndoo nzito. Nikaolewa hapa nikaja na kikaango changu, na Susu, usiiname, nasema kwa upendo, Susu akavunja chungu nilichowekea samaki, akasema, "Hapa hatuli nyoka wa maji!" Miaka mitano hatukula meza moja. Kisha ikaja njaa ya themanini na nne, mahindi hakuna, ng'ombe wanakufa wamesimama, na asubuhi moja akaja mlangoni na bakuli, akaniuliza, "Huyo nyoka wako bado yuko?" Tulicheka sote wawili, Mbinya, na wewe ukanenepa mwaka ambao watoto wa watu walikuwa wakizikwa. Kila nikikumbuka namshukuru Mungu kwa karatasi ile, na kwa bakuli lile. Asante, Susu. Umekuwa mama yangu.

Sasa hapa ndipo ninapoogopa kuliko kupasuliwa. Mbinya, nitazame. Mamba anakula saa zile zile. Ndama wa jirani yetu Muthama alishikwa mdomo akinywa maji jua likizama, mimi nikiwa juu ya mwamba na babu yako amenishika mkono. Mtoni mimi nilikuwa macho yako, nikimwangalia mamba. Nisipokuwepo, jioni usiende, hata njaa ikuume namna gani, na alfajiri usiende. Ngoja siku ya mawingu. Siku ya mawingu saa sita ya babu yenu inakuwa kweli, samaki wanakula na wewe unaona maji yote mpaka ng'ambo. Simama juu ya mwamba, miguu isiguse maji, Susu asimame nyuma yako. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, weka mmoja kwenye ndoano, wengine mkaange.

Nipe maji kidogo. Asante.

Msigombane. Mtoto huyu akitoka salama na mimi nisitoke, msimwambie ni yeye aliniua. Mwambieni nilimsubiri kwa furaha. Mungu wa babu yenu awalinde mtokapo na mwingiapo, awape chakula mwaka usio na chakula, kama alivyonipa mimi.

Hiyo ni pikapu. Naisikia pale kwa mteremko... Susu, nishike hapa. Polepole.

Kisilu, fungua dirisha. Kumekaaje nje? Mawingu? Mawingu kabisa? Basi msinisindikize. Mbinya, chukua fimbo. Nendeni na Susu. Muthama atapanda na mimi. Saa ngapi sasa, sema... saa tano na nusu. Ehe. Mtafika kwa wakati.

Mniwekee mmoja.