Nilipopika Mbegu za Msimu

Ndugu zangu, Bwana asifiwe. Wanaonijua wanajua sipendi kusimama mbele ya watu, na huu mguu wangu pia haupendi, kwa hivyo sitawaweka sana. Lakini Mungu alinitendea jambo nikanyamaza msimu mzima, na leo nimechoka kunyamaza.

Mimi ni mjane wa hapa Ndhiwa. Marehemu alituacha wake wawili katika boma moja. Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza. Mwenzangu tunamwita Min Achieng, yaani mama yake Achieng. Kwetu mikayi ndiye anayeanza kupanda. Mke mdogo akitangulia kutia mbegu ardhini, watu husema ameleta chira, laana ya kumaliza nyumba. Ndugu zangu, nisiwadanganye, nafasi hiyo niliipenda sana.

Basi mvua ya vuli ilikataa. Mahindi yalinyauka yakiwa ya kufika magotini. Mwisho kwangu kukabaki kibuyu kimoja cha mbegu, nimekitundika juu ya meko kipate moshi, wadudu wasiingie. Nilikuwa nimekiombea. Nilimwambia Mungu, "Hizi ni zako, usikubali nizile." Wajukuu wakashinda siku tatu kwa chai ya rangi isiyo na sukari. Walipoacha hata kulia, nilikishusha kile kibuyu, nikachemsha mbegu zote na chumvi. Walikula wakashiba. Mimi sikuonja. Nilijiona nimemsaliti Mungu.

Wiki mbili baadaye mvua ikaja, mvua ya kulowesha udongo mpaka chini. Majirani wote wakaingia mashambani. Boma letu tu ndilo lililokaa.

Min Achieng akaja mlangoni kwangu. "Mikayi, watu wanapanda. Sisi je?"

"Ngoja udongo utulie kidogo," nikamjibu.

Baada ya siku nne akarudi. "Mama, hii mvua itatupita. Si uanze tu, hata laini moja?"

Nikamwambia mgongo unaniuma. Ulikuwa uongo mtupu. Alipoondoka nilipiga magoti nikamwomba Mungu anipe mbegu, lakini kwa njia ambayo yule mama hatajua. Hebu sikilizeni ombi hilo! Watoto wake walikuwa karibu kukosa mavuno kwa sababu yangu, na mimi nilikuwa naomba nisiaibike.

Siku iliyofuata nikiwa nyuma ya ua nilimsikia shemeji yetu akimwambia Min Achieng, "Wewe ni mtu wa kanisa. Chira ni ya nini? Panda."

"Chira siogopi," akajibu. "Lakini nikimpita yule mama, nitamwaibisha mbele ya watu. Acha nimngoje."

Nilisimama pale nikalia. Nilimsubiri shemeji aende, kisha nikatokea. Nikamwambia, "Min Achieng, sina mbegu. Niliwapikia watoto."

Hakucheka. Aliniuliza, "Na ukakaa na hiyo shida peke yako?" Akaingia kwake, akatoka na mkebe wake wa mbegu, akanimiminia nusu kwenye leso yangu. Akasema, "Haya, Mikayi, anza sasa, jua lisituchome."

Nilipanda laini yangu ya kwanza, naye akaingia shambani kwake. Tulikuwa tumechelewa, kwa hivyo mavuno hayakuwa ya kujivunia. Hata hivyo tulikula, nyumba zote mbili, na mbegu tumeweka tena.

Ndugu zangu, nilidhani Mungu amekasirika kwa sababu nililisha watoto. Sivyo. Siku zote nilizokuwa nikiomba, jibu lilikuwa nyumba ya pili ndani ya mkebe, na mimi ndiye niliyekataa kwenda kubisha hodi. Wewe ambaye kwako meko ni baridi na umekuja hapa umevaa vizuri tusijue, mtumaini Mungu, na umwambie mtu aliye karibu nawe. Mungu hana haya na mikono anayotumia.

Namshukuru Mungu. Malimbuko ya boma letu yako pale mlangoni, na watu wanangoja mikayi ayalete madhabahuni. Min Achieng, tafadhali, mama, leo tangulia wewe.