Bega, Fundi, Ukuta: Miaka Thelathini na Moja ya Mama Kengele

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mkaguzi wetu wa bunduki za zamani anafunga droo ya meza yake baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne kazini. Muda wake wa kustaafu ulikuwa bado mwaka mmoja na nusu. Kwa kuwa maneno ya kwenye korido yameshaanza kutembea, kwamba kasukumwa, kwamba kagombana na meneja, amenitaka mimi, fundi wa meza ya pili, niandike wasifu huu bila kuupiga vanishi. Wanaomjua wanajua anavyochukia vanishi.

Aliingia hapa dukani kama karani wa kuandika lebo. Bunduki ikiletwa kuuzwa, fundi mkuu wa wakati huo aliikagua na kumtajia maelezo, naye akayaandika kwenye kikaratasi cha kufungwa kwa uzi. Fundi yule alikuwa mtu wa maneno mengi. Lebo zilijaa mbele na nyuma, na wanunuzi walizisoma wakatoka na maumivu ya kichwa. Alipoondoka na karani wake akarithi meza, maneno yalibaki matatu. Bega: nzima, iweke begani upige. Fundi: itengenezwe kwanza. Ukuta: itundike sebuleni uiangalie, basi. Chini yake bei na sahihi. Hakuna aliyewahi kumbembeleza akabadilisha neno, na waliojaribu ni wengi, akiwemo shemeji yake.

Jina la Mama Kengele lilitokana na namna anavyokagua. Kwanza anaifungua bunduki na kutia kidole ndani, hata kama mwenye nayo ameapa kwamba haina kitu. Mara mbili ilikuwa na kitu: mara moja risasi, mara nyingine nyigu na familia yake nzima. Kisha anaielekeza mitutu dirishani na kuchungulia vishimo vya kutu, jicho moja limefumbwa, mdomo umepinda. Anatikisa kitako kuona kama kinacheza. Anasoma namba. Mwisho anaitoa mitutu yote miwili kwenye kitako, anaining'iniza kwenye kidole, na kuigonga kwa kifundo cha kidole kingine.

Hapo ndipo penye kazi. Bunduki hizi ni za marisau, na mitutu yake miwili imelehemiwa pamoja tangu kiwandani. Kama ulehemu umeshika, italia kama kengele ya shule na mlio utakawia. Kama umeachia, utasikia sufuria iliyopasuka. Maji yanaingia katikati, kutu inakula kimyakimya, na siku moja mitutu inaachana karibu na uso wa mpigaji.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja bwana mmoja mwenye tai na bunduki inayong'aa hadi ukajiona meno. Alitusimulia historia ya babu yake kwa dakika arobaini. Mama Kengele alimsikiliza kwa adabu zote, akasoma namba ya mitutu na namba ya sehemu ya kufungia, akamweleza kwamba hivyo vitu viwili havikuzaliwa nyumba moja, na kwamba ile vanishi mpya kwenye kitako imeziba ufa. Ukuta. Bwana yule alisahau kuaga. Wiki hiyohiyo mjane mmoja alileta bunduki ya marehemu mumewe ndani ya gunia, nyeusi, chafu, akiwa njiani kwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Iligongwa ikalia mpaka karani wa mapokezi akanyanyua kichwa. Bega. Bei iliyoandikwa ilimfanya mama yule aombe kiti.

Sasa nije kwenye kilichomwondoa mapema. Mwezi wa pili aliandika Bega kwenye bunduki ambayo mlinzi wa mashamba, mtu wa kupambana na nguruwe pori, angekuja kuichukua Jumatatu. Kazi yangu ilikuwa kuipaka mafuta tu. Nilipoitundika mitutu kwenye ndoano, spana iliigusa kwa bahati. Sufuria. Nikagonga kwa makusudi. Sufuria. Nilikaa nayo mapajani muda mrefu nikijidanganya kwamba ni mafuta. Mtu aliyenifundisha kusikia, nitamwambiaje hasikii?

Nikaona aibu yangu na uso wa yule mlinzi havilingani uzito. Nikaipeleka mezani kwake. Aliigonga, akatabasamu: kengele. Kisha akanitazama usoni, tabasamu likaondoka. Alinigeuzia mgongo na kuniamuru nigonge hiyo na nyingine nzima, kwa zamu. Mara sita alijibu kengele. Alikuwa anasikia mlio aliouzoea, uwepo usiwepo.

Alichana lebo akaandika Fundi. Akampigia simu mlinzi yeye mwenyewe, akamwambia wazi kwamba amekosea na amuwie radhi. Kisha akafungua daftari na kuagiza zirudishwe bunduki zote alizoziandikia Bega katika miezi kumi na miwili iliyopita, kumi na tisa kwa jumla. Wiki mbili nilikuwa nagonga, yeye amekaa pembeni akiusoma uso wangu. Kumi na nane zililia. Moja haikulia, na mnunuzi wake alikuwa bado hajaipiga hata mara moja. Siku hiyo ndiyo pekee niliyomwona akikaa chini bila kuangalia nyuma kama kiti kipo.

Daktari wa masikio alithibitisha kwamba usikivu umepungua. Mumewe, fundi cherehani, alikiri kwamba kwa mwaka mzima majirani wamekuwa wakipata taarifa ya habari kwa redio ya nyumbani kwake, jinsi mkewe alivyoipaza, naye akadhani kaanza kupenda siasa. Meneja alimsihi abaki, macho yawe yake na masikio yawe yangu. Alikataa. Alisema sahihi kwenye lebo ni ya mtu mmoja, na asiyesikia asisaini. Barua aliiandika mwenyewe. Hakusukumwa na mtu.

Mama, asante kwa lebo zaidi ya elfu nne, kwa chai ya saa nne, na kwa kunifokea kila nilipoitazama bunduki kabla ya kuifungua. Tunakuombea asubuhi zisizo na kengele ya saa, wajukuu wanaoongea kwa sauti, na mume mwenye subira na ile redio. Uishi vizuri, uishi sana.

Limebaki jambo moja. Jana, wakati anatoa vitu vyake, alifunga lebo kwenye mgongo wa kiti chake: Ukuta, na sahihi. Alicheka peke yake, akasema hiyo ndiyo lebo yake yeye. Mimi naanza kusaini Jumatatu, lakini nimemwomba meneja nisaini lebo moja tu siku tatu kabla, akakubali. Ile ya jana nimeichana. Mpya ipo kwenye kiti. Neno ni Bega, na sahihi ni yangu.