Mtoto Wetu Halipi Hapa

— Ishirini hazitoshi, mzee.

— Zatosha.

— Hazitoshi. Na kumi na moja wamepigwa. Kamati utaiambia nini?

— Nitaiambia ishirini ni nyingi kuliko kumi na moja. Kwani nyinyi Nyeri mwahesabu vipi?

Hivyo ndivyo nilivyowakuta Gichuki na Mzee Shee nilipotoka jikoni na birika la kahawa, Jumapili moja ya Machi mwaka 2007, saa kumi na mbili kasorobo jioni. Duka ni la ami yangu Azhar, hapa Silver Spring, Maryland, hatua chache kutoka stesheni ya treni: unga, samaki wa barafu, kadi za simu, na meza nne za kulia. Benchi wanalokalia lilitoka katika kanisa moja lililofungwa. Wakati wa joto hukaa nje kwenye kona, wakati wa baridi tunaliingiza ndani chini ya dirisha. Gichuki ni dereva wa teksi, na wanamwita Takwimu kwa sababu huja na makaratasi aliyoyachapisha maktaba. Mzee Shee wa Lamu ni Shee Garaji, maana hushinda kwenye kibanda cha gereji ya kuegesha magari. Wa tatu ni Method, Mtanzania, anayeitwa Rufaa. Huu ni mwaka wake wa sita tangu aombe hifadhi nchi hii, na haamini kama kuna jambo linaloweza kwisha.

Ugomvi ulikuwa juu ya timu ya kikapu ya Chuo cha Calloway, cha hapa hapa Maryland, iliyoshinda mechi ishirini na kupigwa kumi na moja. Ndiko anakochezea Kimutai, kijana wetu wa Eldoret. Mimi niliacha shule kidato cha pili mama alipougua, kwa hiyo mambo ya vyuo nimefundishwa na Gichuki. Alinieleza kwamba timu sitini na tano huingia mashindano ya mwisho wa msimu. Bingwa wa kila ligi huingia moja kwa moja. Nafasi thelathini na nne zinazobaki hugawiwa na kamati ya watu kumi waliojifungia hotelini, na majina husomwa kwenye televisheni jioni ya Jumapili ile. Calloway hawakuwa mabingwa. Walikuwa ukingoni, wao na timu nyingine sita au saba, wakigombea nafasi mbili tatu za mwisho. Kimutai alikuwa mwaka wa nne, wa mwisho. Jina lisiposomwa, basi, amemaliza kucheza.

Na mama yake alikuwa hajamwona akicheza hata mara moja.

Mama huyo, Chepkirui, alikuwa amekaa meza iliyo karibu na friji, bado amevaa sare yake ya kazi yenye maua. Anahudumia wazee huko Gaithersburg, na kwa miaka minne shifti zake zimeangukia siku za mechi. Safari hii aliomba Alhamisi na Ijumaa, siku za mechi za kwanza, akapewa. Karatasi ya ruhusa ilikuwa mkobani mwake. Alishatuonyesha mara mbili.

— Popote watakapompeleka, alisema. Hata kama ni masaa kumi kwa basi, nitalala huko huko kwa basi.

Gichuki akamwambia timu ni nzuri, Mama Kimutai, usitie shaka, akaanza kusoma takwimu zake. Alisoma Novemba, akasoma Desemba na Januari. Alipofika mechi tatu za Februari akaikunja karatasi na kuomba kahawa.

Mechi hizo tatu Kimutai hakucheza. Mama yake aliambiwa ni goti. Sisi tulijua.

Alikuwa akija kila Ijumaa kula pilau. Mara ya kwanza alitoa pesa, ami akamrudishia. "Mtoto wetu halipi hapa." Mara ya pili aliacha noti chini ya sahani. Ami akatoka mbio na aproni yake, akamkuta kwenye kituo cha basi, akamtia noti mfukoni kwa nguvu huku watu wakiangalia. Basi Kimutai akaacha kubishana. Kwetu mtoto wa nyumbani huwezi kumwuzia chakula, na wa Eldoret na wa Lamu wote hapa ni wa nyumbani. Desemba ami alikata picha yake gazetini, akaenda kuikuza, na mimi nikaandika chini yake kwa kalamu nyekundu: KIMUTAI WETU ANAKULA HAPA. WEWE JE? Tukaibandika dirishani. Watu walikuja. Hakuna aliyetuambia kwamba mchezaji wa chuo haruhusiwi kula bure kwa ajili ya jina lake, wala picha yake haiuzi pilau. Mteja mmoja aliipiga picha ile, akaiweka kwenye ukurasa wa mashabiki, ikafika chuoni. Wakamweka kando huku wakichunguza. Mechi tatu, na zote tatu walipigwa. Alitupigia simu siku hiyo hiyo. Hakutulaumu. Alisema tu tusimwambie mama yake.

Picha tuliitoa. Vipande vinne vya selotepu vimebaki kwenye kioo. Nimevisugua kwa maji ya moto, havitoki.

Saa kumi na mbili ilipogonga ami akaongeza sauti ya televisheni. Walianza kusoma kundi la kwanza. Timu kumi na sita, Calloway hawamo.

— Mapema bado, alisema Method. Faili letu liko chini. Mimi hizi kamati nazijua, jamani. Mwenye faili la juu anasomwa asubuhi, watu wameamka vizuri. La chini linasomwa baada ya chakula cha mchana, jaji anasinzia.

— Kwa hivyo tumekosa juu ya usingizi? Gichuki akamwuliza.

— Nimesema tumekosa? Nimesema kuna rufaa.

— Rufaa ya mpira, buda? Utaipeleka wapi?

Mzee Shee alisema wote wawili hawajui kitu, jambo lenyewe ni vyumba vya hoteli. Yeye anaona magari gerejini. Mtu wa mbali hulala, hununua kofia, hula nje. Mtu wa Maryland hutazama mechi akarudi kulala kwake. Kamati gani itachagua watu wanaorudi kulala kwao? Tena, akasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wachezaji wote wa Calloway ni warefu.

Chepkirui alicheka kidogo. Nikafurahi kumwona akicheka, nikamjazia kikombe.

Kundi la pili likapita. Hawamo.

Hapo akaingia mtu tusiyemjua, Mkongo, akijikung'uta baridi. Jina lake alisema ni Ferdinand, amehamia jengo la nyuma wiki hiyo, anatafuta unga wa muhogo. Ami alimpimia. Yeye akabaki amesimama na mfuko wake, akitazama televisheni kama sisi.

Gichuki sasa alikuwa amezitupa takwimu. Alisema ni watangazaji. Wakiona jina Kimutai wanaogopa kulikosea mbele ya nchi nzima, wanaiomba kamati iwaletee timu yenye majina mepesi. Mzee Shee akamwambia hiyo ni porojo, sababu ni ile nembo ya timu. Korongo. Ndege wa kusimama mguu mmoja, timu yake itakosaje kuumwa goti?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akamalizia.

Kisha akakumbuka nani amekaa nyuma yake. Akakohoa, akainama kutazama kikombe.

Kundi la tatu. Hawamo. Chepkirui alikuwa ameitoa ile karatasi ya ruhusa na kuiweka mezani, ameifunika kwa kiganja.

Likaja kundi la nne, la mwisho. Zilipobaki timu mbili Method alisimama. Ilipobaki moja, ami aliacha kufuta kaunta. Jina la mwisho lilikuwa la chuo kimoja cha milimani ambacho hata Gichuki hakuwa na karatasi yake.

Mtangazaji hakungoja. Alianza kuzitaja timu zilizokosa, na ya kwanza kuitaja ni Calloway. Alisema walikuwa ndani mpaka Februari. Alisema, mechi zile tatu bila Kimutai. Ami akaizima.

Birika lilikuwa limeisha, na hakuna aliyeniomba nichemshe jingine. Ferdinand alitutazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumwuliza, mwishowe akawauliza wale watatu wa benchini, kwa upole tu, kama mgeni anayeuliza njia.

— Ile mechi tatu, huyo mtoto wenu hakuchezaka juu ya nini?

Gichuki alinyoosha makaratasi yake kwenye goti. Mzee Shee aliangalia ndani ya kikombe ambacho hakikuwa na kitu. Method, mtu mwenye jibu la kila kamati, aliinama kufunga kamba za viatu. Nilitaka kusema mimi. Nilikuwa nimesimama kando ya droo, na kalamu nyekundu ilikuwa ndani ya droo.

— Goti, akasema Gichuki.

Chepkirui akainuka. Aliniomba simu ya duka, akapiga Gaithersburg, akaongea Kiingereza cha kazini, taratibu, neno moja moja. Alhamisi atakuja. Ijumaa pia. Hapana, hakuna shida yoyote, safari imevunjika. Aliirudisha simu mahali pake, akaikunja ile karatasi mara nne na kuitia mkobani. Akavaa koti.

Ami alishamfungia pilau kwenye mfuko, kama anavyomfungia kila akija. Chepkirui aliupokea, akaweka noti ya dola kumi juu ya kaunta. Mkono wa ami ukaisukuma ile noti kurudi kwake. Sidhani kama alifikiri. Ni mkono uliozoea.

— Mama Kimutai, wewe tena hulipi hapa.

Hakuichukua. Aliiacha palepale, akapita katikati ya benchi na meza, na wazee wakakunja miguu kumpisha. Mlangoni alisimama, akavitazama vile vipande vinne vya selotepu kwenye kioo. Halafu akazungumza bila kugeuka.

— Aliniambia wiki iliyopita, Azhar. Hakuna goti. Mngemwacha tu alipe.