Maili Mbili za Maryland

Benchi la Warfordsburg, Pennsylvania, liko nje ya duka la kituo cha mafuta, mgongo ukutani na uso barabarani. Barabara yenyewe hushuka kusini, hukatiza Maryland, huvuka mto na kuingia West Virginia. Hapo Maryland imebanwa hadi ikabaki na upana wa maili mbili tu. Mtu akianza kupiga chafya Pennsylvania, wenyeji husema, atajifutia pua West Virginia. Jumapili hiyo, baada ya ibada, Harlan Mellott alikuwa amekaa ncha ya benchi, ndevu amenyoa, kikombe mkononi, shati limening'inia nje ya suruali kama siku zote. Hata kanisani hakulichomekea, maana chini yake, kiunoni, ilikaa bastola. Jana yake dada yake Loretta alimpigia simu, baada ya miaka miwili ya kununiana. Alimwita kula chakula cha mchana kwake Berkeley Springs, ng'ambo ya mto. Ni mwendo wa robo saa, na Harlan alikuwa bado hajainuka.

— Kibali ninacho, alisema Harlan. Nilipewa na sherifu wa hapa. West Virginia nako hawana neno, mtu mzima anabeba hata bila kibali. Kazi iko hapo katikati. Maryland hawakitambui kibali chetu.

— Wewe pita tu, alisema Tairi kando yake, mzee aliyeendesha malori mpaka magoti yakamgomea. Usisimame. Mtu asiyesimama hajafika.

— Hiyo sheria umeisoma wapi?

— Barabarani.

— Na taa nyekundu ya mji wa Hancock, hapo Maryland?

— Omba iwe ya kijani.

Hakimu, aliyekaa ncha ya pili ya benchi, alikohoa. Jina hilo alilipata kwa kuitwa mahakamani kuwa mzee wa baraza, akakaa nusu siku, akarudishwa nyumbani.

— Tairi atakufungisha, alisema. Sikiliza, mzee. Bastola unaitoa risasi, unaifungia kwenye buti la gari, mbali na mkono wako. Hivyo unapita jimbo lolote.

— Hilo nalijua. Lakini niifungie wapi? Nina pikapu. Buti sina.

— Basi twende magari mawili. Wewe bastola, mimi risasi. Tunakutana ng'ambo.

— Na wewe utakula kwa Loretta?

— Sitakataa nikikaribishwa.

— Alaa! Kumbe ndiyo sheria yenyewe! Tairi alicheka mpaka kahawa ikamwagikia viatu.

Harlan alitabasamu kidogo, akatazama barabara. Alijua sasa hivi Loretta anaweka sahani, zile za mama yao zenye ukingo wa buluu, na kwamba ile yenye ufa huiweka mahali pake mwenyewe ili mgeni asiipate.

— Au ujaze risasi ukifika katikati ya daraja, alisema Tairi. Nusu ya mto ni ya West Virginia.

— Nusu gani? Hakimu alimgeukia. Mto wote ni wa Maryland, mpaka ukingo wa kule! Samaki wote mle ni wa Maryland.

— Acha fiksi, bwana. Samaki ana jimbo?

— Muulize aliyewahi kuvua bila kibali.

— Basi azunguke! Aende magharibi mpaka Pennsylvania inapogusana na West Virginia yenyewe, ashuke, arudi kupitia milimani. Mwendo wa saa sita hivi. Maryland haioni hata vumbi lake.

— Saa sita kwa chakula cha robo saa?

— Atakula cha usiku.

— Heri umrushe kwa parachuti.

— Upepo ukimwangusha Hancock je?

Hapo alitokea mama mmoja aliyekuwa akijaza tairi upepo, gari lake lina namba za Ohio. Aliingia dukani, akatoka na kikombe chenye kahawa iliyofunika kitako tu.

— Naona nimekunywa ya mwisho, samahani wazee. Nimewasikia pale kwenye pampu. Hapa sheria hivi, pale vile. Na nyumbani kwa huyo Loretta je? Huko sheria inasemaje?

Kijiwe kizima kilijua kwamba Harlan na dada yake waligombania kabati la mama yao, na Harlan aliwaacha wajue hivyo.

— Inasema isiingie mezani, alisema Harlan taratibu. Siku ile aliniambia niiache kwenye gari. Nikamwambia kibali ninacho. Nikaacha pai ya tufaha sijaigusa, nikaondoka.

— Kwa hiyo si kabati? aliuliza Tairi.

— Kabati alinipa siku ya mazishi. Liko kwangu.

— Na jana kwenye simu alisema nini kuhusu hiyo bastola? aliuliza Hakimu.

— Hakusema kitu. Alisema tu pai ipo.

Mama wa Ohio aliwaaga, akaondoka. Harlan aliweka kikombe chini, akavuka barabara hadi nyumbani kwake, mlango unaotazamana na benchi. Alikawia kidogo. Alipotoka alikuwa ameshika funguo za gari, na shati amelichomekea ndani ya suruali, mkanda unaonekana mzima kuzunguka kiuno.

Hakimu alimkagua juu mpaka chini.

— Kumbe una kitambi, bwana! Miaka yote hii umetuficha.

— Cha Loretta hiki, alisema Harlan akipanda gari. Alikianzisha yeye.