Malkia Bodil na Mke Mwenzangu

Muhsin, zima televisheni; nawe Sundus, sogea hapa kitandani, unijibu kwa Kiingereza ukipenda, lakini sikiliza kwa lugha ya mama yako, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema jambo mara mbili.

Nyumba hii ya Barking mtagawana kama sheria ya Mungu inavyosema. Linalonielemea ni jengine, na nitalianzia mbali, kwa malkia wa Denmaki. Nistahamilini.

Nilipokuwa nikifanya kazi nyumba ya wazee kule Croydon, nilimhudumia Bi Inger, Mdenmaki, mwalimu wa historia aliyepofuka. Nikimlisha, yeye ananisomesha. Ndiye aliyenipa habari za Bodil, mke wa Mfalme Erik, miaka mia tisa nyuma. "Maisha yake yote hayajazi ukurasa," aliniambia. Baba yake katajwa jina tu. Alizaa mtoto wa kiume, Knud, aliyekuja kuuliwa na binamu yake. Mumewe alikuwa na wanawake wengine, na mwandishi mmoja wa miaka mia baadaye anadai Bodil aliwavumilia, hata akiwatengeneza nywele kwa mikono yake. Kisha mume na mke wakafunga safari ya Jerusalem. Mfalme akafia njiani, kisiwa cha Saiprasi. Bodil hakurudi. Akaendelea, akafika Mlima wa Mizeituni, akafa huko, akazikwa huko. Basi.

Nikamwuliza, "Nani alimshika mkono baada ya mumewe kufa?"

"Hakuna aliyeandika," akasema.

Nilikwenda chooni nikalia, kwa sababu aliyenishika mkono mimi namjua, na nimemficha.

Baba yenu Abdulsamad alipofia Istanbul, tukiwa njiani kwenda Umra, mlitaka maiti iletwe London. Nikamzika kule kule, nikaendelea na safari, mkaninunia, na watu wakasema nimevunja eda. Niliwaambia sikuwa na mwenzangu. Nilisema uongo. Faridah alikuwapo, mke wa pili wa baba yenu, huyo mnayemwita "yule wa Hounslow". Baba yenu ndiye aliyetaka twende sote watatu, nami nilikwenda uso nimeukunja kama niliyelamba ndimu. Baada ya mazishi nilikaa sakafuni hotelini, hata kiatu siwezi kuvaa, Faridah akapiga magoti akanivisha, akasema, "Dada, yeye keshafika. Twende na sisi." Makka alinishika mkono mizunguko yote saba, na tulipomaliza ibada akaniosha kichwa, akanisuka.

Siku ya hitima alikuja hapa na sinia la visheti. Muhsin, ulimwambia, "Hapa huna mtu," ukafunga mlango. Sikulaumu, mwanangu, ulikuwa na uchungu wa baba. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia, nikaendelea kupakua pilau, kwa kuona haya mbele ya wanawake waliojaa sebuleni. Wanasema njia ya mwongo fupi. Yangu imefika miaka tisa.

Sasa shikeni haya. Nikifa, Faridah ndiye ataniosha, na Sundus amsaidie. Thuluthi niliyoruhusiwa kuusia ni yake, na chumba cha chini ni chake akitaka kuhamia, maana magoti yake yamekwisha kwa kusafisha uwanja wa ndege. Msinisafirishe kwetu Pemba, mtu huzikwa alipofikia. Habari za Bodil nimeziandika kwa Kiswahili, daftari limo kabatini, Sundus wasomee wanao, wacheke wakitaka.

Maji... hapana, baadaye. Radhi zangu mnazo nyote wawili, hakuna aliyepungukiwa. Mungu awape riziki ya halali, na uzee... uzee wenye watu.

Nimempigia simu asubuhi. Hiyo kengele... ndiye. Sundus, kaa. Nenda wewe, Muhsin. Mpokee mkoba... mwambie, karibu, mama mdogo.