Mifuko Minne ya Baba Sévère

Baada ya miaka thelathini na mitano ya kazi, Sévère Hatungimana, mwanzilishi wa duka letu la ushonaji hapa Mulongwe, amestaafu Jumamosi tarehe 28 Septemba 1957. Tangazo lilisema Ijumaa. Siku hiyo moja iliyozidi ina kisa chake, na mimi Marcellin, niliyekalia cherehani ya pili miaka kumi na minane, nitakieleza bila kumwonea haya.

Alizaliwa Luberizi, akaenda vita vya 1914 akiwa kijana, akafika na jeshi mpaka Tabora. Akisimulia vita hivyo, huwezi kujua kama alipiga risasi hata moja. Kazi yake ilikuwa kutia viraka suruali za askari, na mpaka leo anashikilia kwamba hakuna mtu wa kikosi chake aliyeingia Tabora na tundu nyuma.

Mwaka 1922 alinunua cherehani moja, akafungua duka. Taabu ni kwamba jeshi lilikuwa limemfundisha vazi moja tu: lenye mifuko minne, vifuniko na vifungo. Akawashonea hivyo hivyo wakulima, walimu na mabibi harusi. Wasichana wa Luvungi walipokea komunyo ya kwanza katika magauni meupe ya mifuko minne, ungedhani ni kikosi kilichotumwa kulinda altare. Padri alilalamika sana. Mwezi uliofuata alileta kanzu yake mwenyewe itiwe mfuko wa miwani.

Saa sita mchana kengele ya misheni ikilia, kila mguu ulitoka kwenye pedali. Baba Sévère alisali Malaika wa Bwana, kisha akawaombea watoto wake tisa, kila mmoja kwa jina lake na kwa kosa lake. Siku moja kengele ilimkuta Rénovat, mnunuzi wa mpunga, akipimwa kifua. Alisimama mikono juu mpaka mtoto wa tisa, na huyo wa tisa alikuwa na makosa mengi.

Lakini mganga hajigangi. Mkewe, Mama Pudentienne, aliolewa mwaka ule ule wa 1922 na gauni la kuazima, kwa kuwa kitambaa chake kilimwendea mteja mwenye haraka. Mumewe akamwahidi kwamba hatauweka mkasi chini kabla hajamshonea lake. Kila mwaka mama aliuliza, na kila mwaka palikuwa na mteja mwenye haraka. Alingoja gauni, lakini zaidi alimngoja mume wake arudi nyumbani.

Mwezi wa nane mwaka huu, kustaafu kukikaribia na gauni halijashonwa, sisi wafanyakazi tukaasi. Bernardine, anayeshona vifungo, akaficha vitambaa vyote vya wateja, akabakiza kimoja cha buluu alichokinunua mama mwenyewe. Mzee akakikata bila kupima, kwa kumbukumbu ya 1922. Gauni likakataa kupita mabegani. Akaenda kununua kitambaa kingine, na safari hii alimpima mkewe kwa futi.

Ijumaa, mbele yetu sote, akalitoa: gauni la kwanza maishani mwake lisilo na mfuko hata mmoja. Kwa mapenzi alikuwa amejizuia, na tuliona ilivyomgharimu. Mama akalivaa, akapapasa kushoto, akapapasa kulia.

"Minye nilingojea miaka makumi tatu na tano," akasema. "Sasa rozari yangu nitaweka wapi?"

Basi hakustaafu Ijumaa. Jumamosi asubuhi alirudi akashona mifuko minne, na vifuniko, na vifungo, akicheka peke yake. Mchana tukafanya sherehe. Mama Pudentienne akatia rozari mfuko wa kwanza, leso wa pili, miwani ya mumewe wa tatu. Kisha akauchukua mezani mkasi wa mzee, ule ule wa 1922, akautia mfuko wa nne na kufunga kifungo. Wengine tulilia, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Asante, Baba Sévère, kwa kazi, kwa sala na kwa kutufundisha kusimama wima. Mungu akujalie miaka mingi pamoja na wajukuu. Mlango wa duka uko wazi kwako siku zote, na sisi mikasi tunayo. Mkasi wako ukiutaka, muombe mama.