Mama Joan na Masomo ya Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Kabla sijamsifu Bi. Peris Nyaboke, tunayemwita Mama Joan, sina budi kusema jambo nililolificha kwa miaka saba: sikumfundisha kompyuta. Yeye ndiye aliyenifundisha mimi.

Tarehe 30 Juni 1998 Mama Joan anastaafu, baada ya kuwatumikia wazee wa makao yetu hapa Fridley, huku ughaibuni, kwa miaka ishirini na mitatu. Nimesikia kwamba siku hiyohiyo chumba cha mafunzo ya wafanyakazi kitapewa jina langu. Mimi si mfanyakazi tena; ni mmoja wa wazee wanaotunzwa humu, na daktari amenieleza bila kuzunguka kwamba theluji ijayo huenda nisiione. Basi naandika mapema, maana kibao kikishapigiliwa mlangoni, kukibandua ni kazi.

Alianza mwaka 1975 katika chumba cha kufulia. Shuka za ghorofa tatu zilipita mikononi mwake, na sikumbuki mzee aliyerudishiwa sweta isiyo yake. Kuendesha gari alijifunza akiwa na miaka arobaini na mitano, tena mwezi wa Januari, wakati wenye akili zao wanangoja barafu iyeyuke. Siku moja gari lilizunguka naye mara mbili kwenye maegesho yetu, likasimama likitazama lilikotoka. Solomon wa jikoni alimkimbilia akidhani atamkuta analia. Akamkuta anacheka. "Si nimegeuza?" alimwambia. "Na hiyo ndiyo walikuwa wanataka kwa test!"

Mwaka 1991 kompyuta zililetwa katika ofisi ya kumbukumbu, nilikokuwa karani. Nilikuwa na miaka sitini na mitatu, nina shahada, nimekuwa mwalimu mkuu kule Same kwa miaka mingi, na sikujua hata pa kuiwashia. Tuliambiwa kwamba asiyeweza kuitumia ifikapo Oktoba atafute kazi kwingine. Mama Joan, aliyekuwa na miaka hamsini na sita, alikwisha kujifunza kwa hiari yake katika masomo ya jioni, akisema amechoka kujua mashine za sabuni peke yake. Aliniona nikiitazama ile kompyuta kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani. Akajitolea kuja mapema, kabla ya zamu yake ya saa moja.

Kwa miezi minne tulikaa pamoja kila saa kumi na mbili asubuhi. Nilibonyeza kwa kidole kimoja, kisha nikauvuta mkono haraka. "Mwalimu, finya tu pole pole," alikuwa akiniambia. "Hii kitu haiumi. Na ikiharibika, tutasema ni Solomon."

Asubuhi moja huyo Solomon aliingia kutafuta kahawa, akatukuta. "Mama Joan! Shule uzeeni?"

Kabla sijafungua kinywa, Mama Joan alikwisha kunyanyuka akasimama nyuma yangu kama mwanafunzi. "Sasa nifanye nini, Solomon? Mwalimu amekubali kunifunza, wacha nifunzwe."

Aliiona aibu yangu, akaifunika. Nami nikaendelea kubonyeza. Kufika mchana, makao yote yalijua kwamba Mwalimu Elihuruma anamfundisha mama wa kufulia.

Mwaka uliofuata niliteuliwa kuwa mkufunzi wa wafanyakazi. Ninyi mlionishukuru, jueni kwamba kila somo nililowapa Alhamisi, yeye alinipa Jumatano. Keziah, uliponiuliza swali nikasema tutaliangalia wiki ijayo, jibu lilikuwa katika chumba cha kufulia. Alibaki kule akikunja shuka hadi nilipostaafu mwaka 1995, ndipo akapewa kiti changu, na tangu hapo amemfundisha kila aliyetaka, kijana kwa mzee. Hajawahi kunikumbusha hata kwa utani. Hadi leo hupita chumbani kwangu kila asubuhi, saa ileile, kuniuliza kama nimelala vizuri. Haya nayaandika mwenyewe, kwa vidole viwili sasa. Hicho cha pili pia amenifundisha yeye.

Septemba anaanza kujifunza kuogelea. Ameishi miaka yote hii katikati ya maziwa bila kulowesha goti, na anasema miaka sitini na mitatu ndiyo umri wa kulowa. Mama Joan, asante. Tunakuombea afya, siku nyingi, na mkufunzi mwenye subira kama yako.

Kwa kamati ya kibao: kwenye mlango ule andikeni Peris Nyaboke. Na msidhani kwamba uongozi ulipotoshwa na maneno ya jikoni. Mwaka ule wa 1992 meneja alituita sote wawili ofisini kwake, akauliza ni nani kati yetu aliyemfundisha mwenzake. Mama Joan alinitazama, akaniachia nijibu.

Nilisema ni mimi.